Kumwachisha mtoto shule ili afundishwe nyumbani kwa imani: jibu kwa mama wa Morogoro

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro mjini. Mkubwa ana miaka 9 na yuko darasa la tatu katika shule ya serikali, wa pili ana miaka 6 na wa mwisho ana miaka 3. Mume wangu ni mwinjilisti na husafiri sana. Mimi nashona nguo nyumbani. Tangu mwaka jana mtoto amekuwa akirudi na matusi, na darasani wamejaa mno hata madaftari hayasahihishwi. Isitoshe, binamu yake aliye kidato cha kwanza alikuja likizo akasema wamefundishwa kuwa binadamu alitokana na nyani, na jambo hilo lilimkasirisha sana mume wangu. Tumeamua kumwachisha shule mwakani ili tumfundishe nyumbani kwa misingi ya imani yetu. Mchungaji anasema huo ni wajibu wetu kibiblia. Dada yangu anasema tutashtakiwa. Nani yuko sahihi, na tukianza, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ndani ya swali lako moja kuna maswali matatu: Biblia inadai nini kwa mzazi, serikali inadai nini, na kazi yenyewe ya kufundisha inadai nini. Wazazi wengi wanaonijia huwa wamekwisha kulijibu la kwanza kwa moyo wote, la pili wameliogopa, na la tatu hawajaliuliza kabisa. Nimefundisha shule za msingi miaka 27 kabla ya kuanza kazi hii ya kuwashauri wazazi wa kanisani, na msimamo wangu nauweka mbele ili usome yanayofuata ukijua ninakoelekea. Wajibu wa kumlea mtoto katika imani ni wenu, awe anasoma shuleni au nyumbani, wala hauhamishiki. Lakini wajibu huo hauwalazimishi kumwachisha shule. Na mkimwachisha kwa jina la Mungu, mjue kwamba mmemwahidi Mungu kumfundisha mtoto huyo si aya za Biblia peke yake, bali na kugawanya, na sarufi, na ramani ya Tanzania.

Nadhani andiko alilolitumia mchungaji wenu ni Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kwa kuwa ndilo linalotajwa kila mara. Lisome tena polepole. Mzazi anaambiwa awafundishe watoto wake maneno ya Bwana kwa bidii, kisha anatajiwa nyakati nne: uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Watu walioambiwa maneno hayo hawakuwa na shule za kuwatoa watoto. Walikuwa na hema, mifugo na safari. Sasa zipime nyakati hizo nne kwa siku ya mtoto wako. Ukiondoa saa anazokaa darasani, zote zimebaki mikononi mwako: mezani, njiani, kitandani, alfajiri. Shule haijazigusa. Kinachozila ni twisheni ya jioni, televisheni, simu, na uchovu wetu sisi wenyewe. Nimekwenda kwenye nyumba za Wakristo wanaolalamika kwamba shule inawaharibu watoto, nikaona wazazi na watoto wakipitisha jioni nzima bila kusemezana, kila mmoja na kioo chake. Nyumba ya namna hiyo ikimwachisha mtoto shule itamwongezea saa sita za ukimya uleule.

Tunayo pia historia inayotuelemea bila sisi kuitambua. Kwa vizazi kadhaa shule nyingi za nchi hii zilikuwa za misheni, na babu zetu walizoea kwamba mtoto akipelekwa shule amepelekwa pia kanisani. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule hizo mikononi mwa serikali, kilichobaki ratibani ni kipindi cha dini, na mazoea ya wazazi hayakubadilika: bado tulitarajia mtu mwingine atufanyie. Leo mazoea hayohayo yamehamia kwenye shule za binafsi za kanisa, ambako mzazi analipa ada ya bweni kwa mtoto mdogo na kuhesabu kwamba malezi ya kiroho yamo ndani ya ada. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na nakiri nilipata haya kidogo kuona agizo la kumrudisha mtoto mdogo kwa mama yake likitoka wizarani kabla halijatoka mimbarani. Nayasema haya ili uone kwamba mchungaji wenu yuko sahihi katika jambo kubwa: mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa imani, na kanisa limekuwa likilisahau hilo. Anapokosea ni anapoligeuza kuwa amri ya kumwachisha mtoto shule.

Dada yako naye hajakosea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, katika kifungu cha 35, inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 aandikishwe shule ya msingi, na inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize. Lugha yake ni ya kuandikisha na kuhudhuria. Haimpi mzazi hati ya kuwa shule. Mtoto wako ana miaka 9 na jina lake liko katika daftari la mahudhurio, kwa hiyo siku atakapoacha kuonekana atahesabiwa kuwa mtoro, mwalimu mkuu atawajibika kutoa taarifa, na atakayebisha hodi kwako ni mtendaji akiwa na Afisa Elimu Kata. Sera ya Elimu iliyohaririwa mwaka 2023 imekwenda mbele zaidi na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini, kwa hiyo mwelekeo wa nchi ni kubana na si kulegeza. Wapo watakaokuambia kwamba wenzetu wa Kenya wanafundisha nyumbani bila shida. Ni kweli familia zipo, lakini hata huko Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni au katika taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri.

Kinachonihangaisha zaidi ya adhabu ni kile ambacho mtoto anajifunza pale nyumba inapoamua kujificha. Niliwahi kuitembelea familia moja iliyokuwa imemwachisha binti yao shule kimyakimya. Tukiwa katika sala ya asubuhi mlango ukagongwa, na kabla mama hajatamka neno, yule binti alikwisha kuinuka, akachukua daftari lake na kuingia chumba cha nyuma kama aliyezoezwa. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi tu, amekuja kuulizia mchango wa maji. Mama aliporudi kuketi tuliendelea na somo la siku ile, nalo lilikuwa juu ya kusema kweli. Sikuwa na la kumwambia mbele ya mtoto, lakini nilipokuwa naondoka nilimsihi aende mwenyewe ofisi ya kata kabla kata haijaja kwake.

Nawe nakushauri hivyohivyo. Kabla ya uamuzi wowote, wewe na mume wako nendeni pamoja, kwanza kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata, mkaseme mnachotaka kufanya na sababu zake. Huenda mkarudi na jibu la kuwakatisha tamaa. Huenda pia mkarudi na kitu ambacho hamkukitarajia: kuhamishiwa shule yenye darasa dogo zaidi, au nafasi katika kamati ya shule, au ombi la kuja kufundisha kipindi cha dini, kwa sababu shule nyingi zina kipindi hicho ratibani na hazina mtu wa kukishika. Mume wako ni mwinjilisti. Husafiri kwenda kuhubiri vijijini, na katika shule anayosoma mwanawe pengine kipindi cha dini kinapita watoto wakicheza uwanjani. Sisemi hivyo kwa kumsuta, bali naona kwamba mlango ulio karibu naye kuliko yote hajaugonga.

Nakuja sasa kwenye nyani, kwa kuwa nimeona ndilo lililomwasha mume wako. Ni kweli katika Historia ya kidato cha kwanza wanafunzi hufundishwa juu ya chimbuko la binadamu, nao hujifunza habari za fuvu ambalo Mary Leakey aliliona mwaka 1959 katika Bonde la Olduvai, huko Ngorongoro, na ambalo mumewe, Louis Leakey, alilipa jina la Zinjanthropus. Zinj ni jina la kale la pwani yetu hii, ndilo lile lililomo ndani ya Zanzibar. Lakini binamu amelieleza somo vibaya, kama watoto wengi wanavyolieleza. Wanasayansi hawasemi kwamba binadamu alitokana na nyani unayemwona leo mbugani. Wanasema binadamu na nyani wakubwa wana mzazi mmoja wa zamani sana. Na huyo Zinjanthropus mwenyewe leo hahesabiwi kuwa babu yetu, bali tawi la pembeni lililokatika. Unaweza kuyakataa hayo kwa imani yako, na Wakristo wengi huyakataa, wengine huyapokea kwa namna yao, nami sikuandikii ili nikuchagulie. Ninachokuomba ni kwamba mtoto wako ayasikie kwako kwanza, kwa usahihi, ajue mifupa ilikutwa wapi, wasomi wanaielezaje, na nyumba yake inaamini nini juu ya Mwanzo sura ya 1 na kwa sababu gani. Mtoto aliyefichwa jambo akija kulikuta mwenyewe akiwa na miaka 14 hatauliza tu habari za nyani. Atauliza ni nini kingine mlichomficha. Naongeza hili kando: Louis Leakey alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, kwa baba na mama wamisionari wa Kianglikana. Nyumba ya misheni si ukuta.

Tukiweka kando Biblia na sheria, kazi yenyewe ipo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana huko ndiko nilikoona familia nyingi zikikwama. Nilijaribu mwenyewe. Mwanangu wa pili aliugua akiwa darasa la pili, akakaa nyumbani karibu muhula mzima, na mimi mwalimu mwenye cheti na uzoefu nikasema huyu nitamfundisha hapa mezani bila wasiwasi. Siku ya tatu nikampa 42 toa 17. Akaandika 35. Nikamwambia rudia, akarudia, akaandika 35. Nikamwambia rudia tena, na sauti yangu ikiwa imekwisha kupanda, akaandika 35 huku machozi yakidondoka daftarini. Nilipiga meza kwa kiganja nikamwambia hana bidii, kisha, Mungu anisamehe, nikampa aya ya Mithali juu ya mvivu na chungu ainakili mara kumi. Usiku ndipo nilipolifungua daftari na kuona alichokuwa akifanya. Upande wa mamoja palikuwa na 2 juu na 7 chini, naye kwa kuwa 2 haitoshi kutoa 7 alikuwa amegeuza, akatoa 2 katika 7 akapata 5. Upande wa makumi akatoa 1 katika 4 akapata 3. Mtoto hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa na kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na hakuna aliyemuuliza amefikaje pale. Asubuhi nilimfungia njiti za kibiriti mafungu manne ya kumikumi na mbili za pembeni, nikamwambia atoe kumi na saba. Alitazama zile mbili, akanitazama mimi, kisha akafungua fungu moja yeye mwenyewe bila kuambiwa. Tulimaliza kwa dakika tano jambo lililotutoa machozi saa nzima jana yake. Lakini aya ile ya Mithali ilimkaa vibaya kwa muda mrefu, na kosa hilo ni langu.

Nimekusimulia ili uone mambo mawili. Moja, darasani ningekuwa na subira zaidi kuliko nilivyokuwa kwa mwanangu, kwa sababu kosa la mtoto wa mwenzako halikuaibishi. Kosa la mwanao unaliona kama ushahidi dhidi yako. Mama anayefundisha nyumbani huibeba hofu hiyo kila siku, na kama amemwachisha mtoto shule kwa jina la imani huibeba mara mbili, kwa sababu akishindwa ataonekana imani yake imeshindwa. Na la pili: usiifanye Biblia fimbo. Kunakilisha aya kama adhabu, kufungisha mtoto kwa sababu hakumaliza zoezi, kumwambia Yesu amehuzunika kwa kuwa ameandika 35, yote hayo humfundisha mtoto kulichukia neno lilelile ambalo ndilo lililowafanya mumwondoe shuleni. Paulo anapoandika Waefeso 6:4 anaanza na katazo, msiwachokoze watoto wenu, na ndipo analeta adabu na maonyo ya Bwana. Mpangilio huo una maana kwa mwalimu.

Tena angalia aya hiyo imeelekezwa kwa nani: akina baba. Katika barua yako umeandika tumeamua, lakini unaposimulia siku zako, mume husafiri na wewe unashona. Nikikokotoa, tumeamua maana yake ni kwamba yeye ameamua na wewe utafanya. Cherehani yako inaleta fedha nyumbani, una mtoto wa miaka 3 anayetaka kushikwa na mwenye miaka 6 anayekaribia darasa la kwanza. Ukiongeza saa nne za kufundisha kwa siku, kitakachoanguka ni kimoja kati ya ushonaji, mtoto mdogo na afya yako. Kwa hiyo sharti langu kwa familia yoyote ni kwamba baba ashike angalau somo moja kwa ukamilifu, mwanzo hadi mwisho, yeye mwenyewe aandae, afundishe na asahihishe. Akiwa safarini, afundishe kwa simu, au somo lake lipangwe siku anazorudi. Na lisiwe Biblia, kwa maana hilo atalifanya kwa furaha bila kusukumwa. Liwe Hisabati. Mtoto anayemwona baba mhubiri akihangaika kwa unyenyekevu na sehemu na desimali anajifunza jambo juu ya imani ambalo mahubiri hayatampa.

Mkishapata njia iliyo wazi mbele ya wakubwa wa elimu, vitabu visiwape shida. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na muhtasari wa kila somo ndio utakaokuambia mtoto wa darasa lake anatakiwa kujua nini. Fuata huo, na ufanye kama mwalimu yeyote anavyotakiwa kufanya: uwe na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, andalio la somo, yaani maandalizi ya kipindi kimoja, hata kama ni mistari mitano, na shajara ambamo unaandika kila siku ulichofundisha, alichoweza na alichokwama. Shajara ndiyo nguzo. Ni kinga yako siku utakapoulizwa na Afisa Elimu, na ni kioo chako siku utakapojidanganya. Nimewahi kuonyeshwa mtoto wa miaka 11, amesoma nyumbani miaka miwili, aliyeisema Zaburi ya 23 bila kukosea neno mbele yangu na wazazi wakatabasamu. Nikampa 84 gawanya kwa 6, akainama. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyekuwa akiandika, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kugawanya kulisimama mwaka mzima uliopita.

Familia nyingine za Kikristo hununua mitaala ya nje, hasa ule wa Accelerated Christian Education ulioanzia Texas mwaka 1970, ambao mtoto hujaza vijitabu kimoja baada ya kingine kwa kasi yake. Una utaratibu mzuri na aya za Biblia ndani yake. Lakini uko kwa Kiingereza, uliandikwa awali kwa ajili ya watoto wa Marekani, unalipiwa kwa fedha nyingi, na mtoto aliyesoma huo peke yake hataujua Mto Rufiji wala hataandika insha ya Kiswahili ya kurasa mbili. Kwa kipato cha cherehani na uinjilisti nisingeanzia huko. Biblia yenyewe ya Kiswahili, hii ya Union ya mwaka 1952 tunayoitumia makanisani, ni shule ya lugha ikisomwa kwa sauti na kuulizana. Mjukuu wangu aliniuliza hori ni kitu gani, kwa maana amekulia mjini na kila Krismasi anasikia kwamba mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe. Tulikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Akaushika ule ubao uliolambwa ukawa laini, akanusa pumba, akasema hapa mtoto angeumwa mafua. Lile lilikuwa somo la Kiswahili, la Sayansi na la umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu, na lilituchukua nusu saa, tena baada ya saa za shule.

Juu ya mitihani uwe na macho. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kupitia shule zilizosajiliwa, kwa hiyo mtoto ambaye hana shule hana namba ya mtihani. Aliyekosa sekondari ya kawaida anaweza baadaye kupita kwenye QT, ule Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, kisha ndipo afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vijana na watu wazima wengi wamepita huko na wamefika mbali, lakini ni njia ya mtu aliyekwisha kukomaa, anayejisukuma mwenyewe. Kumpangia mtoto wa miaka 9 njia hiyo tangu leo ni kumfungia milango ambayo hajaiona. Na habari ya wenzake wa kucheza nao sitaisemea sana: kwaya ya watoto na Shule ya Jumapili husaidia, lakini hazitoshi kwa wiki nzima, naye Yesu katika Luka 2:52 aliendelea akimpendeza Mungu na wanadamu.

Kuhusu matusi, usiyachukulie kama sababu ya kuhama bali kama somo lililokuja lenyewe. Muulize maneno hayo aliyasikia kwa nani, anajua maana yake, na aliyasema ili apate nini. Mara nyingi mtoto wa darasa la tatu hutukana ili asionekane mnyonge mbele ya wakubwa, na hapo utagundua anaonewa. Hilo ndilo la kupeleka kwa mwalimu wa darasa, tena mapema. Kuhusu madaftari yasiyosahihishwa, yasahihishe wewe kila jioni kwa kalamu ya rangi nyingine, kurasa mbili tu. Hiyo tayari ni elimu ya nyumbani, wala hakuna mtendaji atakayekuuliza.

Kwa hiyo ninachowashauri ni hiki. Msimwachishe kwanza. Kwa huyu wa miaka 6, ambaye bado hajafikia umri unaotajwa na sheria, anzeni kusoma, kuandika na kuhesabu hapo nyumbani sasa hivi, maana kwake mlango uko wazi na mtajipima bila kumhatarisha mtu. Kwa mkubwa, tumieni likizo ya Juni yote kama jaribio la kweli: saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, siku tano kwa wiki, cherehani imefunikwa, shajara imeandikwa. Likizo ikiisha, mwombeni mwalimu asiye ndugu yenu wala mshirika wa kanisa lenu ampime mtoto katika Hisabati na Kiswahili, na mpokee atakachosema. Niletee shajara hiyo niisome, hata kama ina siku tupu. Hizo siku tupu ndizo nitakazozitazama kwanza. Na jioni moja kabla ya Juni, mume wako akiwa nyumbani, mwambie aketi na mtoto mezani, ampe 42 toa 17, na akiona jibu lisilo sahihi asiseme neno lingine lolote isipokuwa kumuuliza, umefikaje hapo, mwanangu, kisha asubiri.